Hii ya Nani? Siku Nane Njombe na Mizani ya Jikoni

Siku ya kwanza, Jumatatu: Dar es Salaam hadi Njombe

Basi limetoka stendi ya Magufuli saa kumi na mbili kasoro, na kabla hatujafika Kibaha konda alikuwa ameshaniuliza mara mbili habari za ule ubao mrefu tulioufunga kwa turubai. Nilipomwambia tunakwenda nao Njombe alicheka mpaka akashika kiti. "Dada, mnapeleka mbao Njombe?" Nikamweleza ni ubao wa kupimia urefu wa watoto. Hakuniamini.

Tuko wanne. Wadadisi watatu, mmoja mwanamume, na msimamizi wetu, mama mtu mzima aliyeanza kazi hizi enzi za madodoso ya karatasi, yale yaliyokuwa yakirudi na madoa ya mchuzi. Kazi yenyewe ni ya majaribio, kaya kumi na mbili tu katika kijiji ambacho sitakitaja, maana tumekula kiapo cha usiri. Kwenye shajara hii kaya nitaziita kwa namba zake, kama kishikwambi kinavyoziita.

Tafiti nyingi nilizofanya zina mtindo mmoja. Unafika, unamtafuta mkuu wa kaya, unamuuliza: siku saba zilizopita mmetumia sukari kiasi gani, mafuta ya kula kiasi gani, sabuni je? Ofisini wanajumlisha, wanagawa kwa watu waliomo, na kila mmoja anatoka na namba ileile: baba, mtoto anayetambaa, bibi wa chumba cha uani. Nyumba ikiwa juu ya mstari wa umaskini, wote wako juu. Ikiwa chini, wote wako chini. Mstari wenyewe, kwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania wa Bara walikuwa chini yake. Namba hizo nazijua kama namba yangu ya simu. Safari hii tumetumwa kuuliza kitu ambacho hazisemi: ndani ya chungu kimoja, upawa unamfikia nani?

Mikumi tembo wawili kando ya barabara, Kitonga malori yamepanga foleni, Ilula vitunguu madirishani. Baada ya Mafinga baridi ikaingia na mimi nikavaa sweta. Si langu. Dada anayenisaidia kazi nyumbani anatoka mkoa huu, na jana usiku aliniona nakunja koti la mvua kwenye begi akatikisa kichwa. "Dada, Agosti hii? Utaganda." Akaniletea sweta lake la shule, la buluu, nembo imeshafumuliwa kifuani na uzi mmoja mweupe umebaki. Tunaitana dada, mimi na yeye, ingawa anayelipwa ni mmoja.

Njombe tumeingia saa mbili usiku. Nimelala na sweta.

Siku ya pili: Ofisi kwa ofisi

Kutia saini vitabu vya wageni. Wilayani, kata, kijiji. Mtendaji wa kijiji ametupokea vizuri na kutupa orodha ya kaya.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyetupa somo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatutoa nje ya ofisi, akaonyesha kwa mkono: mahindi yameanikwa, viazi mviringo vimejazwa kwenye magunia ya lumbesa yenye vilemba virefu kuliko gunia lenyewe, miparachichi inashuka mpaka mtoni. "Njaa mnaiona wapi? Halafu kila mwaka wanakuja kupima watoto wetu wanasema wafupi."

Hakukosea. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa walikuwa 57, Njombe 50, Rukwa 50. Ukichukua ramani ya mikoa inayolisha nchi na ramani ya mikoa yenye watoto waliodumaa, unaweza kudhani mtu amechapa ramani moja mara mbili kwa makosa. Sababu ni nyingi na sitaki kuzirahisisha: maradhi ya kuhara, vyoo, mtoto kulishwa uji mtupu, mama anayeshinda shambani na kurudi jioni. Lakini ghala likijaa na mtoto akidumaa, wastani wa kaya hauna la kukueleza. Wastani umeona ghala tu.

Siku ya tatu: Kaya 04

Hii nitaiandika kwa kirefu.

Nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya upande mmoja. "Kamwene," tumeitikiwa, viti vimetolewa. Waliomo: baba wa miaka 48, mama 41, mama mzazi wa baba ambaye hajui mwaka aliozaliwa, kijana wa miaka 16, mtoto wa kiume wa mwaka na nusu, na binti wa miaka 10. Binti ni wa dada yake mama, ambaye ni marehemu. Kishikwambi kina orodha ya uhusiano na mkuu wa kaya: mke, mtoto, mjukuu. Yeye nimemkuta kwenye "ndugu mwingine".

Kwanza kishikwambi kinawageuza watu hawa kuwa mahitaji. Jedwali la watu wazima linganifu linalotumika kwetu linasema mwanamume wa miaka 19 hadi 59 ni 1.00. Mwanamke wa umri huo ni 0.88. Kijana wa kiume wa miaka 15 hadi 18 ni 1.20, na kila mama aliyewahi kumpikia kijana wa umri huo atakubali. Mtoto wa chini ya miaka mitatu 0.40. Binti wa miaka 10 ni 0.76. Bibi ni 0.72. Jumla 4.96. Nyumba ya watu sita imekuwa nyumba ya watu watano kasoro kidogo. Sina ugomvi na jedwali, mtoto hali kama baba. Ila linasema mtu anahitaji kiasi gani, na sisi tunalichukua kana kwamba linasema anapata kiasi hicho.

Nimemhoji baba uani, mwenzangu wa kiume akamhoji kijana karibu na banda la kuku, msimamizi akaingia jikoni kwa mama. Sharti la dodoso hili ni hilo: kila mtu peke yake, mwingine asiwe karibu kiasi cha kusikia. Jaribu uone. Kijijini mtu akihojiwa peke yake ndio kwanza watu wanasogea.

Baba ni mtu mwema, niandike hivyo kabisa, kwa sababu hadithi za namna hii hupenda kumtafuta baba mlevi. Alinijibu bila kuchoka. Mchele, hatununui ila sikukuu. Nyama, mara moja kwa mwezi. Mafuta, chupa ya soda kwa wiki. Mauzo ya viazi? Gunia ishirini na mbili. Nikamuuliza sehemu mpya ya dodoso: na wewe mwenyewe, siku saba hizi, umekula nini nje ya nyumba? Akatazama lango. "Gulioni Alhamisi. Kitimoto, nusu kilo, na wenzangu. Na ndizi." Kimya. "Na soda." Kimya kingine. "Komoni, pombe yetu hii, andika wewe mwenyewe kiasi unachoona kinafaa." Nilicheka, naye akacheka.

Msimamizi alipotoka jikoni tulilinganisha. Kwa mama, viazi vilivyouzwa ni gunia kumi na tano. Hakudanganya. Gunia saba zilichukuliwa shambani moja kwa moja na lori, yeye akiwa kanisani. Baba naye hajui kwamba mke wake ana hisa kwenye kikoba, na kwamba kila siku ya gulio hununua chai na maandazi mawili kabla ya kuanza kuuza mboga. Kijana hubeba mbao kwa fundi mmoja baada ya shule na hula chipsi barabarani, wazazi wote wawili hawana habari. Watu watatu wanakula nje, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Habari ya kikoba ilinikumbusha utafiti wa Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, uliochapishwa 2002, kuhusu michezo ya kupokezana fedha pale Kibera, Nairobi. Waliona wanawake wenye waume ndio wanaojiunga sana, na maelezo waliyotoa ni kwamba fedha ikishaingia kwenye mchezo, haigusiki na mkono wa nyumbani. Mama wa Kaya 04 alimwambia msimamizi kwa maneno machache zaidi: "Pesa ikilala ndani inaamka na miguu."

Bibi hakula popote nje. Binti pia. Alipoulizwa (msimamizi alimhoji wakichambua maharage, mama akiwa amekubali na kukaa mbali kidogo) alijibu kila swali kwa "hapana" moja ndogo, ya adabu.

Siku ya nne: Ukungu

Bodaboda zimegoma kupanda mlima hadi saa tano. Kaya mbili tu. Moja mume amesafiri Makambako, tutarudi.

Jioni tumekaa kuzunguka jiko la mkaa kwenye nyumba ya wageni, viazi vya kuchemsha na chumvi, na msimamizi akatoa hadithi zake. Yeye huamini kwamba dodoso ni kama wavu, ukubwa wa tundu ndio unaoamua utapata samaki gani. Akatukumbusha jaribio lililofanyika hapa hapa Tanzania kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, la akina Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt. Kaya 4,000 hivi katika wilaya 7 ziligawanywa kwa kura katika makundi 8, kila kundi likapimwa matumizi kwa njia yake. Wengine waliulizwa ya siku 7, wengine ya siku 14, wengine walipewa daftari moja la nyumba nzima. Kundi moja, kila mtu mzima alipewa daftari lake mwenyewe na kutembelewa mara kwa mara. Hilo la mwisho ndilo lililofanywa kipimo cha kulinganishia mengine. Nchi ileile, mwaka uleule, na bado kiwango cha umaskini kilipanda au kushuka kwa kutegemea swali limeulizwa vipi na kwa nani.

"Kwa hiyo ukimuuliza kila mtu, umaskini unapungua," mwenzangu wa kiume akasema, kama aliyepata dawa.

"Wa nyumba," msimamizi akamjibu. "Ngoja upime wa mtu."

Akahamia Senegal. Kule, katika utafiti wa 2006 na 2007, Philippe De Vreyer na Sylvie Lambert waliona nyumba kubwa haiwezi kuulizwa kama kitu kimoja, wakaigawa vijisehemu: mkuu wa kaya na wanaomtegemea moja kwa moja, kisha kila mke na wanawe, na kadhalika. Kila kijisehemu kikaulizwa matumizi yake. Walichokipata ni kwamba zaidi ya maskini mmoja kati ya wanane alikuwa akiishi ndani ya nyumba ambayo kwa hesabu ya wastani si maskini. Ukigawa ruzuku kwa orodha ya kaya maskini, huyo humfikii. Jina lake halimo, kwa sababu nyumba yake haimo.

Nilikwenda kulala nikimfikiria yule binti wa maharage.

Siku ya tano: Mizani

Leo ni zamu ya kupima chakula. Kati ya kazi zote za takwimu nilizofanya hakuna inayonitia aibu kama hii. Unafika saa kumi na moja jioni, unakaa jikoni, na kila sahani kabla haijaenda kwa mwenyewe inapita kwenye mizani yako ya kilo tano. Ugali gramu kadhaa. Mboga gramu kadhaa. Wakimaliza unapima kilichobaki.

Kaya 04 walichinja kuku. Kwa ajili yetu, na hilo peke yake limeharibu kipimo, lakini utakataaje? Kwa desturi ya nyumba hii baba na kijana hula sebuleni mezani, mama, bibi na watoto jikoni. Mama alikuwa na wasiwasi, niliona mikono yake. Akapakua polepole, akagawa kuku kama anayegawa mtihani: kipande kwa baba, kipande kwa kijana, kipande kwa bibi, kipande kwa mtoto, kipande kwa binti. Filigisi ikaenda kwa baba bila mjadala, ilipita kwenye mizani kama kiongozi anavyopita kizuizini.

Binti akapokea bakuli lake. Akatazama ule mchuzi, akatazama paja la kuku lililokaa juu ya ugali, akamwinulia mama bakuli.

"Hii ya nani?"

"Yako. Kula."

Mama hakunitazama. Niliandika gramu 84, nikaandika saa, kisha nikajifanya natengeneza betri ya mizani.

Wakati wa kuosha vyombo nilimuuliza mama yeye amekula nini, maana sikuona sahani yake. Akacheka. "Ukoko." Nikatafuta kwenye kishikwambi. Ugali upo, wali upo, makande yapo, viazi vipo vya namna nne. Ukoko haupo. Nimeuweka kwenye "nyingine, taja", na kwa uzito nimekadiria kwa kukwangua chungu, kazi ambayo chuoni hawakunifundisha.

Siku ya sita: Kurudi bila kuku

Tumerudi Kaya 04 jioni, kama dodoso linavyotaka: mara tatu, siku tofauti, kwa sababu siku ya kwanza watu huwa wageni ndani ya nyumba yao. Leo ni ugali, maharage na dagaa. Mama amechoka na sisi, na uchovu huo ni rafiki wa takwimu. Amepakua kama anavyopakua siku zote. Sahani ya sebuleni ilikuwa na dagaa wenye vichwa na mikia. Bakuli la jikoni lilikuwa na mchuzi wa dagaa. Binti na mtoto mdogo walikula bakuli moja, jambo linaloua mizani kabisa, kwa sababu chombo ni kimoja na midomo ni miwili. Tunachoweza ni kuhesabu matonge. Niliyahesabu. Binti alikuwa akimlisha mdogo kwanza, na kila mara mama alipopita alisema, "Muachie mtoto."

Ni lazima niwe mwangalifu hapa. Sikuona ukatili. Binti ana daftari, ana sare, anaitwa "mwanangu". Aliyekula vibaya kuliko wote jikoni mle alikuwa mama mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mgawo una sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika, na kila mtu anazijua, hata mwenye miaka 10.

Mchana wa leo tulifanya sehemu ya mavazi. Mantiki yake ni nzuri ukiisikia ofisini: chakula kinachanganyika, lakini suruali ya mwanamume huvaliwa na mwanamume, gauni na mwanamke, na kaptula ya mtoto na mtoto. Kwa hiyo ukijua nyumba imetumia kiasi gani kwa nguo za nani, unaweza kukisia fungu la kila mmoja katika matumizi yote. Geoffrey Lewbel na wenzake... nimekosea, ni Geoffrey Dunbar, Arthur Lewbel na Krishna Pendakur, walifanya hivyo kwa data za Malawi, wakachapisha 2013, ili kupata fungu la watoto.

Kisha unafika Njombe, unakutana na kitenge. Mama wa Kaya 07 amenunua kimoja mwezi uliopita. Nimeandika: nguo ya mwanamke. Wakati naandika, kilikuwa kimembeba mtoto mgongoni. Nilipotoka kilikuwa kimefunika debe la unga. Asubuhi, akasema, bibi hujifunika nacho akiota jua. Kitenge ni cha nani?

Kaya 11, bibi anaishi na wajukuu watatu. Ni wengi mkoani hapa. Njombe ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022/23. Kwenye karatasi kaya hii ndiyo maskini kupita zote kumi na mbili. Jikoni, ilikuwa na mgawo ulio sawa kuliko zote. Bibi alikuwa na kijiko kimoja cha kupakulia na alikizungusha kama saa. Msimamizi alinong'ona habari ya Esther Duflo na pensheni ya wazee Afrika Kusini, utafiti wa 2003: pensheni ilipopokelewa na bibi, wajukuu wa kike waliongezeka uzito kwa urefu wao. Ilipopokelewa na babu, hakuna badiliko lililoonekana. Fedha ileile, nyumba zilezile, mfuko tu ndio tofauti.

Tukiwa tunaaga, jirani mmoja mwanamke alitusimamisha. Binti yake mkubwa yuko Dar, anafanya kazi za ndani Tabata au Tegeta, hana uhakika. Alitaka kujua kama na yeye ataandikwa.

"Hapa hapana, mama," nikamwambia. "Huandikwa anakolala na kula."

"Kwa hiyo ni wa kule."

"Ndiyo, ni wa kaya ya kule."

"Hao matajiri," akasema, na uso wake ulifurahi kidogo. "Basi afadhali."

Siku ya saba: Hesabu

Mvua nyembamba. Tumeshinda ndani tukijumlisha.

Kaya 04 kwa maelezo ya baba peke yake iko chini ya mstari. Watu 4.96 mara 49,320 ni kama 244,600 kwa mwezi, na alichotaja hakifiki. (Mstari wa 2017/18 umezeeka, bei zimepanda, tumeushika kwa mazoezi tu.) Ukijumlisha walichotaja wote, kitimoto, maandazi, chipsi, soda, nyumba inapanda juu ya mstari na kubaki na chenji. Nyumba ileile. Mwenzangu aliyekuwa na dawa juzi alifurahi.

Kisha tukagawa kwa mtu. Fungu la mahitaji la binti ni 0.76, yaani kama 37,500. Tulichoweza kumhesabia, kwa matonge, kwa mchuzi, kwa kandambili na daftari, hakikukaribia. Bibi naye yuko chini. Mama tulibishana sana; maandazi ya gulioni ndiyo yanayomvusha, na pengine ndiyo sababu anayanunua. Kwa hiyo maelezo ya baba yaliita wote sita maskini, maelezo ya wote yakaita wote sita si maskini, na hesabu ya mtu mmoja mmoja ikawagawa. Kaya moja si takwimu, najua. Lakini Caitlin Brown, Martin Ravallion na Dominique van de Walle walipochukua data za nchi 30 za Afrika, 2019, walikuta karibu robo tatu ya wanawake wenye uzito pungufu na watoto wenye utapiamlo hawamo kwenye ile sehemu ya tano ya kaya zilizo maskini kabisa. Wamo kwenye nyumba ambazo hakuna anayekwenda kuwatafuta.

Mwenzangu wa kike aliuliza gharama. Kaya moja ya dodoso la kawaida inachukua saa mbili. Hii yetu ilichukua jioni tatu, wadadisi watatu na kuku mmoja. Msimamizi alisema nchi nzima haiwezekani, kaya chache ndani ya kila utafiti inawezekana, na kwamba angalau ukoko upewe namba yake. Hilo la ukoko amelipeleka kwa maandishi.

Siku ya nane, Jumatatu: Kurudi

Makambako saa moja asubuhi. Pale reli ya TAZARA na barabara kuu vinapokutana pana mama wanaouza parachichi kwa ndoo, na pana wasichana. Hawa nilikuwa nawaona kila safari bila kuwaona. Watatu walipanda basi letu, mmoja na begi la shuleni, wote na mama mmoja mwenye simu mbili aliyewalipia nauli. Walikaa nyuma yangu. Walikula mahindi ya kuchemsha, wakagawana sawasawa, mstari kwa mstari.

Tulipovuka Iringa nilifungua kishikwambi nikaanza kaya mpya, kwa kupoteza muda. Wilaya ya Ubungo. Mkuu wa kaya: mume wangu, nilimwandika bila hata kufikiri. Mke, mimi. Watoto wawili. Kisha yeye, "mfanyakazi wa ndani", miaka 19. Kishikwambi kikakubali, analala na kula kwetu, ni mwanakaya. Kwa matumizi yetu yakigawanywa kwa wastani, yuko mbali sana juu ya mstari. Jirani wa Kaya 11 angefurahi.

Sehemu ya mtu mmoja mmoja. Jana umekula nini, na umekula wa ngapi? Una jozi ngapi za viatu? Mara ya mwisho kununuliwa nguo mpya ni lini? Ukiumwa, nani huamua uende hospitali? Wanangu nilijaza mpaka mwisho. Mume wangu nilijaza. Kwa dada nilikwama kwenye viatu. Namjua kwa kandambili za bluu na nilikuwa nimevaa sweta lake siku nane.

Morogoro nikapiga simu nyumbani. Hana simu yake, iliharibika mwezi wa tano. Akapokea baba watoto.

"Nipe dada."

Nikasikia televisheni, wanangu wakigombania kitu, maji yakifungwa, hatua zake zikija. Akasema, "Shikamoo dada, mmefika wapi?" Mume wangu alikuwa bado amesimama hapo, nilimsikia akikohoa.

Mhojiwa awe peke yake, mwingine asiwe karibu kiasi cha kusikia.

"Marahaba. Tuko Morogoro," nikasema. "Maziwa yameletwa?"

"Yameletwa dada."